Mavuno ya mupunga katika bonde la Ruzizi: kwa nini anayelima anauza bei chini na kununua bei juu

Mwezi wa tano ukifika, ukishuka na RN5 kutoka Kamanyola kwenda Uvira, utaona mashamba yamebadilika rangi: Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, mpaka Kiliba. Kijani imekwisha, ni manjano tu. Kando ya barabara shitingi zimetandikwa, mupunga umemwagwa juu yake, na watoto wanaugeuza kwa miguu. Ni wakati wa mavuno. Ni wakati pia ambapo mupunga uko na bei ya chini, na wale walioulima ndio wanaouza mbio kuliko wote. Miezi michache baadaye, nyumba nyingi kati ya hizo zinarudi sokoni kununua muchele kwa kopo, na bei ni ingine kabisa.

Watu wengi wanasema ni bahati mbaya, ao ni ujanja wa wafanyabiashara. Ujanja upo, hatukatai. Lakini sehemu kubwa ya hasara inajificha katika mambo madogo yanayofanyika kati ya siku ya kufunga maji na siku ya kupeleka mufuko kwenye mashini, na katika madeni yaliyoandikwa mbele mupunga haujachanua. Hayo ndiyo tutaeleza hapa.

Mupunga ulitufikia namna gani

Babu zetu wa kale walijua mutama na ulezi. Mupunga wa mashariki mwa Kongo uliingia zaidi kupitia Maniema, katika karne ya 19, pamoja na Waungwana waliotoka upande wa pwani na misafara ya wafanyabiashara kama Hamed bin Muhammed, ule tunamujua kwa jina la Tippu Tip. Walilima sehemu za Kasongo na Nyangwe, kando ya Lualaba. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, alikuta soko kubwa huko. Njia hiyo hiyo ndiyo ilileta Kiswahili chetu, na ndiyo ilipitisha pembe za tembo na watumwa. Mashamba mengi ya wakati ule yalilimwa na watu wasio na uhuru.

Wabelgiji walipochukua inchi, waliona mupunga unaweza kulisha wafanyakazi wa migodi na wa reli. Kuanzia 1917 sheria ililazimisha vijiji kulima mimea fulani, na mupunga na pamba vilikuwemo. Wazee wa Maniema wanakumbuka kutoka kwa baba zao habari za fimbo na kifungo kwa yule ambaye shamba lake halikutimia. Kisha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa 1933 na kuwa na makao makubwa Yangambi, likatoa mbegu za mupunga wa inchi kavu. Moja yake, R66, ilienea sana.

Maniema mpaka leo wanalima mupunga bila mufereji: wanakata pori, wanachoma, wanasubiri mvua za mwezi wa nane ao wa tisa, na wanaanza kuvuna mwisho wa mwaka. Wengi wanakata suke moja moja na kisu kidogo, na muchele unafika Kindu juu ya kinga ao kwa mutumbwi.

Bonde la Ruzizi lina habari ingine. Katika miaka ya 1950 ilikuwa zaidi inchi ya pamba, na kituo cha utafiti cha Lubarika kiliishughulikia. Pamba ilipokufa, mupunga wa maji ulichukua nafasi pamoja na muhogo na mahindi. Ndiyo maana mashamba yetu yanategemea mifereji, na ndiyo maana mavuno yetu yana matatizo yake mwenyewe.

Maji ndiyo yanapanga nani atavuna lini

Muto Ruzizi wenyewe uko chini sana kwa mashamba mengi; unatumika zaidi kuwa mupaka na Rwanda na Burundi. Maji ya mupunga yanatoka upande wa magharibi, katika mito midogo inayoshuka milimani, sawa Luberizi, Sange na Kiliba. Yanakatwa juu, yanaingia mufereji mukubwa, kisha mifereji midogo, kisha shamba moja baada ya lingine.

Hapo kuna siri ya kwanza. Mwenye shamba karibu na kichwa cha mufereji anapata maji mapema, anapanda mapema, anavuna mapema na anauza mbele soko halijajaa. Yule wa mwisho anasubiri. Kama salongo ya kusafisha mufereji haikufanyika vizuri, udongo unajaa na maji hayamufikii, ao yanamufikia wiki tatu nyuma ya wenzake. Komite ya maji ikiwa na nguvu, inapanga zamu. Ikiwa zaifu, zamu inapangwa na mwenye panga ao mwenye ndugu kwa shefu. (Yeyote aliyelala shambani usiku kulinda zamu yake ya maji anajua tunasema nini.)

Tena kuna ndege. Mashamba yote yakiiva pamoja, ndege wanagawanyika na hasara ya kila mutu ni ndogo. Lakini shamba likiiva peke yake, wa kwanza ao wa mwisho, makundi yote yanaangukia pale. Kwa hiyo mukulima wa mwisho wa mufereji anachelewa, anauza soko likiwa limejaa, na ndege wanakula kwake zaidi. Tangu punje zinapojaa maziwa mpaka siku ya kukata, mutu lazima awe shambani kutoka asubuhi mapema mpaka jua kuzama. Mara nyingi mutu huyo ni mutoto ambaye angekuwa masomoni. Karibu na muto mukubwa, kuna tena kiboko, ambaye usiku mumoja anaweza kumaliza kipande kizima.

Bonde lina misimu miwili ya mvua inayojulikana, A na B. Mavuno ya kwanza yanaangukia karibu mwezi wa kwanza, ya pili mwezi wa tano na wa sita. Lakini kwa sababu ya mufereji, kila kijiji kina tofauti yake, na haishangazi kukuta mutu anapanda wakati jirani anakata.

Kujua siku ya kukata

Mupunga hauvunwi kwa kalendari tu. Ukihesabu tangu kuchanua, siku 30 mpaka 35 zinatosha kwa aina nyingi. Lakini macho yanasaidia zaidi: chukua masuke sehemu mbalimbali za shamba, angalia punje. Kama katika punje 10, 8 ao zaidi zimekuwa rangi ya majani makavu, na zile za chini ya suke ni ngumu ukizibonyeza na ukucha, siku imefika.

Ukikata mapema, punje nyingi zinakuwa za kijani na chokaa, zinavunjika unga kwenye mashini. Ukichelewa, ni vibaya pia: punje zinaanguka zenyewe, ndege na panya wanaongeza siku zao, na punje iliyokauka sana juu ya mumea kisha ikalowa na mvua ama umande inapasuka ndani. Nje huoni kitu. Mashini ndiyo itakuonyesha.

Maji yanafungwa siku 7 mpaka 10 mbele ya kukata, ili udongo ukauke na watu waingie bila kuzama matope. Watu wengine wanaacha maji mpaka mwisho, wakifikiri punje itakuwa nzito. Inakuwa nzito kweli, lakini uzito ule ni maji, na mununuzi anajua.

Kukata, kupiga, kupeta

Mupunga unakatwa na mundu ao kisu, unawekwa mafungu, kisha unapigwa. Kuna wanaopiga mashada juu ya gogo ao pipa, kuna wanaopiga na fimbo juu ya shitingi, na penye koperative imefanikiwa kuna mashini ya kupigia kwa kukanyaga na muguu. Kazi ya kukata inafanywa mara nyingi na vikundi vya vijana na akina mama wanaolipwa kwa siku, kwa kipande, ao kwa mupunga wenyewe. Kupeta na lungo, kukausha na kubeba kichwani vinabaki karibu kila mara kwa mama, hata pale ambapo feza ya mavuno inapokelewa na baba. Hili ni neno ambalo linapasua nyumba nyingi mwezi wa sita.

Jambo moja dogo linaleta hasara kubwa: kuacha mafungu shambani siku mbili, tatu, yamelundikwa. Mupunga unaokatwa una maji asilimia 20 mpaka 25. Ukilundikana unapata joto, punje zinakuwa manjano, na harufu haitoki tena. Aliyekata asubuhi afazali apige siku ile ile ao kesho yake.

Na upige juu ya shitingi. Udongo unaingiza mawe, na jiwe moja katika sahani linafukuza mununuzi wa muji maisha yake yote. Mama wa Bukavu anayechagua muchele wa Tanzania badala ya wetu, mara nyingi hasemi juu ya ladha. Anasema juu ya mawe na punje zilizovunjika.

Kukausha: hapa ndipo pesa zinapotelea

Kwa kuweka mupunga depo miezi, maji yashuke mpaka asilimia 14 ao chini. Kwa jua letu inawezekana, lakini si kwa kuumwaga barabarani na kuusahau. Utandike kimo cha vidole viwili ao vitatu, uugeuze kila nusu saa mpaka saa moja. Saa sita, jua likiwa kali sana, ni vizuri kuukusanya na kuufunika kidogo, sababu kukausha mbio kunapasua punje sawasawa na kukausha vibaya. Mvua ikigusa mupunga uliokwisha kukauka, kazi yote imerudi nyuma na punje zimepasuka.

Utajuaja kama umekauka, bila kipimo? Wazee wanauma na meno: punje ikilia "ka!" na kukatika safi, ni sawa, ikilala chini ya jino, bado. Kuna njia ingine ya chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mupunga na chumvi kavu kabisa, funga, tikisa dakika chache, uache kidogo. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mupunga bado una maji kupita 15. Ikibaki huru, unaweza kufunga mifuko.

Sasa tufanye hesabu. Mufuko wa kilo 100 uliotoka shambani na maji asilimia 22, ukikauka mpaka 14, utabaki kilo 91 hivi. Kilo 9 zimeenda na jua. Njo maana mukulima mwenye haraka anauza mubichi: anaona kilo zaidi kwenye mizani. Mununuzi naye si mujinga, anakata bei kwa kujua maji yaliyomo, na mara nyingi anakata kupita maji yenyewe.

Mashini ya kijiji na mashini ya muji

Kilo 91 za mupunga mukavu hazitoi kilo 91 za muchele. Ganda peke yake ni karibu sehemu moja kwa tano, kisha kuna pumba. Mashini ndogo za chuma, zile zinazopitisha mara moja tu na ambazo ziko karibu kila kijiji, zinatoa kama kilo 55 za muchele kwa kilo 100 za mupunga, na nyingi zimevunjika. Mashini yenye roli za mpira, ambayo inaondoa ganda kwanza na kung'arisha nyuma, inaweza kufika 65, na punje nzima ni nyingi.

Kwa mufuko wetu wa kilo 91 ni tofauti ya kilo 50 na kilo 59. Kilo 9 kwa mufuko mumoja. Mutu mwenye mifuko 20 anaacha kilo 180 ndani ya pumba. Na pumba ile, mwenye mashini anaibakiza mara nyingi kama sehemu ya malipo, kisha anaiuza kwa wafugaji wa kuku na ngulube. Mbele ya kumwaga mufuko wako ndani, uliza: pumba ni ya nani? Ni haki yako kuuliza.

Shida ni kwamba mashini nzuri zinataka stima ao mazutu mingi, na zinataka mupunga uliokauka sawasawa. Mupunga mubichi unaziziba, na mupunga uliopasuka unavunjika hata kwenye mashini bora. Mashini haiwezi kurekebisha kilichoharibika juu ya shitingi. Punje zilizovunjika zina soko lao, tusizitupe: wanaopika uji wanazitaka, na kiwanda cha pombe cha Bralima huko Bukavu kimewahi kununua muchele wa bonde kwa kazi yake.

Deni linalovuna mbele ya mwenye shamba

Mupunga unakula feza mwezi wa pili na unarudisha mwezi wa sita. Katikati kuna kulipa mahali pa kukodi shamba, kulipa wa kupanda, mbolea, wa kupalilia, dawa ya mutoto, na feza ya masomo ya sekondari (ya musingi ilitangazwa bure tangu 2019, lakini kaye, uniforme na mengine hayakuwa bure). Anayekosa akiba anaenda kwa mukopeshaji, ile tunaita banki lambert. Hakuna karatasi nyingi. Kuna makubaliano: nipe leo bei ya mufuko mumoja, nitakulipa mifuko miwili siku ya mavuno. Ao anauza shamba likiwa bado kijani, bei inapatanwa mupunga ukiwa haujazaa.

Yule anayekopesha anakuja mwenyewe shambani siku ya kupiga. Anabeba mupunga pale pale, mubichi, na mifuko yake. Mifuko hiyo inashonwa ikiwa imepanda kichwa, imeongezewa kipande juu, lakini inahesabiwa "mufuko". Mukulima hana nafasi ya kukausha, hana nafasi ya kuchagua mashini, hana nafasi ya kungoja bei. Mafundisho yote ya kukausha tuliyoeleza hapo juu hayamusaidii kitu, kwa sababu mupunga si wake tena. Ndiyo maana semina za "kuboresha mavuno" peke yake hazibadilishi maisha ya mutu mwenye deni.

Kinachosaidia watu kadhaa ni MUSO, mutuelle ya solidarité, ambayo imeenea sana katika Kivu ya Kusini. Wanachama wanachanga kila wiki ao kila mwezi. Kesi ya kijani ni ya kukopeshana kwa riba ndogo wanayoamua wenyewe. Kesi nyekundu ni ya magonjwa na vifo. Kesi ya bluu inapokea feza ya inje kama ipo. Kwa mulimaji wa mupunga, faida yake iko hasa katika nyekundu. Mutoto akigonjwa mwezi wa nne, dawa inatoka pale, na shamba la kijani haliuzwi.

Njia ingine ni kuweka mupunga rehani, wengine wanasema warantaji. Mavuno yanaingia depo ya koperative, mulango una kufuli mbili: moja ya koperative, moja ya yule anayetoa mukopo. Mukulima anapata sehemu ya bei leo, anamaliza haja zake, na mupunga unangoja bei ipande. Kisha unauzwa, mukopo unarudishwa, kinachobaki ni chake. Inafanya kazi kama mupunga umekauka kweli, kama depo haina panya, na kama mutu wa kufuli ni mwaminifu. Mupunga wenye maji ukiingia depo utaoza pamoja na wa wengine, kwa hiyo koperative nzuri inakataa mufuko mubichi hata wa mwenyekiti.

Barabara

Kutoka shamba mpaka soko la Uvira ao la Bukavu, mufuko unalipa kamio ao moto, na unalipa tena kila barieri, yenye kibali na isiyo na kibali. Kila feza inayolipwa pale inatolewa mwishoni katika bei ya mukulima, si ya mununuzi wa muji, sababu mununuzi anaweza kuchukua muchele ulioshuka kwenye bandari ya Kalundu kutoka Kigoma. Vita vya 2025 viliongeza uzito: Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 katika mwezi wa pili, banki zilifunga mulango, na barabara ya bonde ikakatwa na mustari wa mapigano. Mupunga usiopita unakuwa wa bei ya bure mahali unapolimwa na wa bei ya juu mahali unapoliwa. Katika hali hiyo depo inayofunga vizuri ni kitu cha lazima, lakini depo pia inaporwa. Watu wengine wameamua kugawanya mifuko katika nyumba mbalimbali za jamaa. Si njia bora ya kuhifazi, lakini tunaielewa.

Mbegu

Kitu cha kwanza kinachouzwa na mutu aliyebanwa ni mbegu ya musimu unaokuja, na mwezi wa kupanda ukifika, mbegu inakuwa deni la kwanza la mwaka mupya. Kwa hiyo itolewe pembeni mbele ya mukopeshaji kufika, hata kama ni kidogo.

Usichague kwenye lundo. Chagua shambani, mupunga ukiwa bado umesimama: kata kwanza mimea mirefu kupita mingine, yenye rangi tofauti ao yenye ugonjwa, uiondoe. Kipande kilichobaki, kivune na ukipige peke yake, kwa mukono, bila kukipitisha mahali palipopigwa aina ingine. Kausha kupita mupunga wa kula, mpaka 12 ao 13, kisha uweke ndani ya bidoni kavu yenye kufunga vizuri, mbali na moshi mukali na jua. Andika jina la aina na mwezi.

Wiki mbili mbele ya kufanya kitalu, hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa chenye maji, uweke mahali pa joto na usiache kikauke. Siku ya 7, fungua na uhesabu zilizoota. Zikiwa 80 ao zaidi, panda. Zikiwa 60, ongeza kiasi cha mbegu kitaluni. Chini ya hapo, tafuta ingine kwa jirani mwenye shamba safi, mapema, mbele maji hayajafunguliwa.